Mlinzi wa Kadi Namba 417

Gesi ilipoonekana chini ya bahari yetu, tuliambiwa tutahama, tena tutahamishwa kisayansi. Sayansi yenyewe ilishuka kwetu Palma kwa ndege: Engenheiro Casimiro, mhandisi wa Maputo, shati limepigwa pasi, pamoja na programu ya kompyuta aliyoiandika mwenyewe, ya kusajili kila kaya itakayopewa nyumba mpya. Hakuwahi kunywa hata maji katika nyumba zetu, lakini hilo halikumzuia kutujua sote.

Fundi wa programu hiyo alikuwa Zuleica, binti wa hapa hapa aliyesomea kompyuta Pemba, mji mkuu wa jimbo letu. Si msemaji, ila akikukazia macho utasema wewe. Mimi, Nafisa, nilikaa meza ya pili nikichapisha kadi. Jina lako likitoka kama mkuu wa kaya, ufunguo ni wako.

Sasa, kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mume huja na mkoba wake, na ndoa ikimshinda huondoka nao. Jambo hili hata mbuzi analijua. Bi Chamima, mkausha pweza, alijenga nyumba yake mwenyewe, fito kwa fito. Mumewe Abibo alikwenda Mtwara kununua bati miaka tisa iliyopita, na bati bado linanunuliwa. Lakini waandikishaji walipomuuliza mumewe ni nani, Bi Chamima alimtaja kwa heshima zote. Mke hamkani mume mbele ya wageni, hata kama mume ameshamkana yeye zamani.

Kadi yake, namba 417, iliingia kwenye kompyuta ikiwa na jina Chamima, ikatoka kwenye mashine yangu ikisema Abibo. Zuleica akairekebisha. Ikatoka Abibo. Akairekebisha tena. Abibo.

Na Abibo huyo, aliyeshindwa kuja kumzika mama yake, habari ya nyumba haikumpita. Alivuka Ruvuma, akapanda gari la mizigo pale Nhica, akaja kukaa barazani kwa Bi Chamima akitangaza kwamba nyumba mpya atamweka humo mkewe wa Mtwara. Chai ya kutangazia alinywa ya Bi Chamima.

“Programu haikosei,” alisema Engenheiro. “Ni vidole vya Senhora Zuleica. Orodha inafungwa Ijumaa.”

Zuleica alirudi kwenye kompyuta yake. Kwanza alipachika ndani ya programu maneno “nimefika hapa”, ili aone inapita wapi. Programu ikajibu kwamba imefika kila mahali. Ndipo akabadili njia. Kila jina ndani ya programu hukaa kwenye kisanduku chake, na kilichomo kinaweza kubadilishwa. Akaiamuru kompyuta iweke mlinzi juu ya kisanduku cha mkuu wa kaya: kikibadilika tu, kazi yote isimame, aonyeshwe mstari uliokigusa. Mlinzi akawa mwaminifu kupita kiasi, akasimama kwa kila kadi, mara mia mbili kabla ya chai ya saa nne. Zuleica akamwekea sharti: kadi 417 peke yake, nyingine aziache zipite.

Programu ikaanza kujikokota. Kisha ikasimama. Juu ya mstari palikuwa na maelezo ya mwandishi: “Kusahihisha makosa ya waandikishaji. Kama mume yu hai, mkuu wa kaya ni mume.” Chini yake, jina la Casimiro. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tulimwita. Alisoma maneno yake mwenyewe kwa furaha kabisa.

“Hili si kosa, ni sahihisho. Lakini huyu mlinzi ni mzuri! Mwacheni hapo hapo. Nataka kumkamata yeyote atakayegusa kisanduku hicho.”

Alipotoka, Zuleica alilia kwa hasira. Nami nilikasirika, ingawa sikufanya lolote, kama kawaida yangu. Kisha akafuta uso, akaufungua tena ukurasa wa 417. Mlinzi huchunga kisanduku alichopewa, basi. Cha jirani, kile cha hali ya mume, hakikuwa na wa kukichunga. Humo Engenheiro alikuwa ameweka majibu mawili tu: hai, amefariki. Mtu aliyekwenda kununua bati hakupangiwa nafasi.

Zuleica akachagua la pili. Jina likaingia Chamima, likatoka Chamima. Mlinzi hakuamka.

Ijumaa, funguo zikiwa zimepangwa mezani, Abibo alikuja na kitambulisho, kajipaka mafuta. Engenheiro akatazama kompyuta, akamtazama yeye.

“Hapa umekufa.”

“Nimekufaje, nami nasema nawe?”

“Mlinzi hajasimamisha kazi. Hakuna mkono uliogusa.” Na kwa kuwa programu haikosei, jasho likaanza kumtoka Engenheiro.

“Basi muulizeni mke wangu!”

Bi Chamima akaitwa, akaja na harufu ya pweza mikononi. Engenheiro akamwuliza, nami nikatafsiri, kama mtu huyu ni mumewe na kama yu hai. Zuleica aliinamisha kichwa. Neno moja tu lingetosha kumpokonya yule mama nyumba.

Bi Chamima alimgeukia Abibo.

“Miaka tisa nimemwuliza kila atokaye Mtwara kama huyu yu hai,” alisema. “Hakuna aliyenijibu. Leo mnaniuliza mimi?”

Akachukua ufunguo mezani, akatoka.