Halima Abdi Aliyerukwa

Juzi, katika ofisi moja ya Garissa, mama mmoja aliomba chakula cha mifugo cha msaada.

“Hooyo, mama yangu, hauko kwenye orodha,” karani akamwambia, akimgeuzia kompyuta. Ukurasa wa kwanza uliishia kwa Halima Abdi, wa pili ukaanza na Halima Adan.

“Hiyo Halima Abdi ni jirani. Mimi ni Halima Abdi ingine. Sisi ni mingi!”

Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Mfumo huo wa kompyuta niliuandika mwenyewe, nikijivuna kwamba sikuazima msimbo, yaani kodi ya programu, wa mtu. Niliuagiza kila ukurasa uanzie jina tofauti na lililofunga ukurasa uliotangulia, kwa hiyo kina Halima Abdi waliobaki wakarukwa.

“Mwenye kutengeneza hii si mtu ya hapa,” mama akasema.

Nimezaliwa Bura, jirani tu na hapa. Nikajifanya nasoma tangazo ukutani.