Barabara ya Sitini, Kilomita ya Kumi na Mbili

Brosha mpya zilifika Jumatatu asubuhi, na Huguette ndiye aliyelipasua boksi kwa mkasi, maana kila kinachofika ofisini pale Morningside, mjini Durban, hufunguliwa na Huguette. Alikwenda moja kwa moja ukurasa wa nne. Rodney, bosi wake, alikuwa amepigwa picha ameegemea baiskeli kando ya chemchemi ya mawe, kofia ngumu mkononi, jasho limekaa vizuri usoni kama la kupangwa. Chini yake waliandika: "Roquesèche, kijiji nilichokigundua kwa kufuata pua yangu."

Huguette akaitazama ile pua. Ilikuwa pua ya kawaida tu, imeiva kidogo kwa jua. Akafunga brosha, akaifungua tena, akasoma upya, labda maneno yangeona haya yabadilike. Hayakubadilika. Chai yake ikapoa mezani bila kuguswa.

Kampuni yenyewe ni vyumba viwili na stoo ya baiskeli. Kila Septemba huwachukua watu kumi wa Durban, madaktari, mawakili, wastaafu wenye miguu migumu kama nguzo, ikawapeleka kusini mwa Ufaransa kuendesha baiskeli siku nane kwenye vilima vya mizabibu na mizeituni, kutoka kijiji hadi kijiji, vile vijiji vya zamani vyenye kuta nene na vichochoro visivyopitisha gari. Rodney huongoza msafara. Dereva hufuata nyuma na gari la mizigo. Huguette, mwanamke wa Bukavu, Kongo, umri wa miaka arobaini na mmoja, hubaki Durban na simu.

Rodney hajui Kifaransa zaidi ya bonjour, na hata hiyo huitamka kama anayetema kitu. Kwa hiyo ni Huguette anayepiga simu kwenye nyumba za wageni, kwa waoka mikate, kwa makarani wa vijiji. Anauliza kama maji ya chemchemi fulani yananyweka mwaka huu, kama barabara fulani imechimbwa, kama mbwa wa yule mkulima wa kilomita ya thelathini bado yu hai. Yote hayo anayaandika kwenye kitabu cha njia, ambacho kila mwendeshaji hukitia mfuko wa nyuma wa fulana yake.

Kitabu hicho ndicho fahari yake. "Hapa barabara itakudanganya," aliandika mahali pamoja. "Utaiona tambarare, kumbe inapanda. Punguza gia kabla miguu haijaanza kukulaumu." Aliyaandika hayo mtu ambaye hajawahi kukalia tandiko la baiskeli maishani mwake. Mlima anaoujua kwa miguu yake mwenyewe ni ule wa kutoka anaposhukia taxi, daladala ya kule, hadi ofisini, na huupanda kila asubuhi na viatu vya kazi mkobani. Mara nyingi wateja wa Rodney humpita wakifanya mazoezi, wamebanwa na nguo zao za rangi, wanahema. Hawamsalimii. Wamekisoma kitabu chake mpaka kurasa zimechakaa, lakini jina lake halimo.

Sasa hiyo Roquesèche iligunduliwaje? Iligunduliwa kwa kosa, na kosa lilikuwa la Huguette.

Ilikuwa mwaka wa kwanza, wiki yake ya tatu kazini, safari ya kwanza ya kampuni. Karani mmoja wa Ufaransa alimtajia barabara kwenye simu: soixante-douze. Shuleni Bukavu, sabini na mbili inaitwa septante-deux, basi, neno lake na nambari yake. Wafaransa wenyewe hawana sabini. Wao wanasema sitini-kumi-na-mbili, halafu wanakuachia ujumlishe mwenyewe. Huguette alilijua hilo, nani asiyelijua, lakini siku ile alikuwa na woga, simu ilikuwa inakwaruza, na sikio la shule ni sikio la shule. Akaandika: barabara ya sitini, kilomita ya kumi na mbili, pinda kushoto.

Watu kumi na bosi wao wakapinda kushoto. Wakapanda kona tisa kwenye mvua, wakafika kijiji ambacho hakikuwa kwenye mpango wowote. Hakukuwa na hoteli. Rodney alipiga simu Durban akafoka hadi Huguette akausogeza mkono wa simu mbali na sikio. Alipomaliza kufoka, Huguette aliomba msamaha, akafungua orodha ya namba za simu za eneo lile, akapiga moja baada ya nyingine mpaka akampata mjane mmoja, madame Odette, mwenye duka la mikate lililofungwa na vyumba vitupu juu yake. Madame Odette aliwapokea watu kumi na mmoja walioloa chapachapa, pamoja na dereva wao. Akawapa supu. Akawaanikia soksi juu ya tanuri la mikate.

Waliporudi Durban, hakuna aliyezungumzia bahari wala mashamba ya mizabibu. Wote waliimba Roquesèche, Roquesèche. Mwaka wa pili Rodney akaiweka kwenye mpango. Mwaka wa tatu akaanza kusema "tulikigundua". Mwaka wa tano ikawa "nilikigundua". Mwaka huu, wa kumi, ikaingia pua.

Na wala Rodney si mtu mbaya, hilo ndilo linalochosha. Hukumbuka siku ya kuzaliwa ya Elysée, mtoto wa Huguette. Hununua keki. Mwaka jana, wakila keki ya kufunga msimu, alinyanyua glasi mbele ya watu wote akasema, "Safari ya kumi, Huguette, unakuja na sisi. Kiti cha mbele kwenye gari ni chako." Watu wakapiga makofi, na Huguette akaenda chooni kulia kidogo.

Akaanza kuishi kwa ajili ya kile kiti. Alikusanya karatasi za viza, barua juu ya barua, picha ambayo huruhusiwi kucheka, na mwezi wa saba stika ikabandikwa kwenye pasipoti yake. Akanunua valizi ya bluu. Akampigia madame Odette. Miaka tisa walikuwa wanazungumza, mwanzoni juu ya vyumba, baadaye juu ya magoti, waume, mvua na watoto.

"Unakuja? Wewe mwenyewe?" mama yule alipiga kelele. "Basi chumba cha juu ni chako, ma petite, mwanangu. Kile chenye dirisha linalotazama chemchemi. Hicho simpi mpanda baiskeli yeyote, hata awe na matako ya dhahabu."

Wiki mbili kabla ya safari, Rodney alikuja akakaa kwenye kona ya meza ya Huguette. Mtu akikaa kwenye kona ya meza yako, ujue hakuletei habari njema. Mteja mmoja anakuja na mke wake, alisema, na mke ana goti bovu, hawezi kuendesha. Atahitaji kile kiti cha mbele. Nyuma ni mizigo na magurudumu ya akiba, Huguette analijua hilo.

"Halafu nimefikiri," Rodney aliongeza kwa upole, "ukija wewe, nani atabaki na simu? Wewe ndiye simu yetu, Huguette. Bila wewe tumepotea."

Alilisema kama sifa! Huguette alitaka kumwambia kwamba simu siku hizi inatembea, inaingia mfukoni, inaweza hata kupanda ndege. Alitaka kumwambia habari ya ile pua. Akasema, "Sawa, Rodney." Hata usiku bado alikuwa anajigombeza kwa ajili ya neno hilo.

Nyumbani kwao, ghorofa ya saba kule South Beach, valizi ya bluu ilibaki mlangoni. Mume wake Serge, fundi wa simu, alijikwaa hapo jioni tatu mfululizo.

"Mama Elysée, hii valise itakaa hapa mpaka Noël, mpaka mwaka uishe?"

"Iache."

"Na ule mama wa France, ulishamuambia kama hauendi tena?"

"Bado."

"Eish! Eko anakungojea, Mama Elysée. Juu ya nini haumuambie?"

"Nitamuambia, Serge. Bon, kula, chakula iko inapoa."

Hakumwambia. Kila alipopiga simu kuthibitisha idadi ya supu na mashuka, madame Odette alimtangulia: nimelitoa godoro juani, nimepata mito mipya, je, unalala na mto mmoja au miwili? "Mmoja," Huguette alijibu, halafu akaaga haraka. Alijidanganya kwamba huenda goti la yule mke likazidi kuuma akaahirisha safari. Goti halikuzidi kuuma. Ndege iliondoka.

Siku ya tano ya safari, saa kumi alasiri, saa za Durban na za Ufaransa zikiwa zinalingana mwezi huo, simu ya ofisini ililia.

"Huguette, tumekwama." Rodney alikuwa anahema. "Mlima umeporomoka, barabara ya sitini imefungwa. Wametuchepusha huku, kuna njia tatu, ramani ya simu inazunguka tu haifunguki. Watu wamechoka, na gari liko nyuma yetu halina pa kugeuzia."

Ile pua, basi, siku hiyo haikunusa kitu.

"Unaona nini mbele yako?" Huguette aliuliza.

"Ukuta. Nyumba zimefungwa. Kuna sanamu ya askari."

"Ana pua?"

"Nini?"

"Huyo askari, Rodney. Mtazame. Ana pua?"

"Hana. Imevunjika."

Huguette alifumba macho. Pua ya askari huyo, madame Odette alishamsimulia, ilivunjwa kwa mpira na kaka yake, utotoni, na baba yao aliwachapa wote wawili. "Basi mko kitongoji cha chini. Fuata njia iliyo upande wa mkono wake wenye bunduki. Utafika kanisa dogo, pinda kushoto. Mbele kuna mabirika ya mawe, wanawake walikuwa wanafulia nguo hapo. Jazeni chupa, maji yake ni mazuri. Baada ya hapo mtarudi kwenye barabara yetu, juu ya maporomoko ya udongo. Usikate simu, iweke kifuani."

Rodney akaiweka. Huguette akawasikia wote: minyororo, gia zikishuka, mtu akikohoa, mtu akimtukana Mungu halafu akiomba radhi. Akasikia maji ya mabirika. Akawahesabia kona. "Hii ya tatu ina kivuli, pumueni. Sasa inaonekana tambarare, isiwadanganye. Ya saba ndiyo mbaya, msisimame, mtu akisimama hapo hapandi tena." Aliyasema kwa Kiingereza, akiwa wima nyuma ya meza yake, mkono mmoja umeshika ukingo kama usukani. Alikuwa na furaha. Alijua anapaswa kuwa na hasira, na hasira ilikuwepo, lakini furaha iliipita, na alijichukia kwa hilo.

Kisha pumzi zikatulia. Breki zikalia. Akaisikia chemchemi yenyewe, ile ya kwenye picha, ikimwaga maji bila haraka. Watu walishangilia. "Rodney, wewe ni kiboko!" mmoja wao alipiga kelele. Rodney akacheka, asikanushe.

Mlango ukafunguliwa, na Huguette akaitambua sauti kabla haijamaliza neno la kwanza. Madame Odette alikuwa anahesabu kwa sauti, kichwa kimoja kimoja, wapanda baiskeli, dereva, mwanamke wa kwenye gari. Akahesabu mara ya pili.

"Huguette yuko wapi?"

"Ametaja jina lako," Rodney alisema kwenye simu, sauti imejaa bashasha. "Nadhani anakusalimia. Nakuweka kwenye spika."

"Madame Odette," Huguette alisema kwa Kifaransa. "Ni mimi. Niko Durban. Sikuja. Nilipaswa kukuambia mapema, nisamehe, sikuweza."

Maji yalimwagika, yakamwagika. Watu kumi na watatu walikuwa wamesimama pale, na hakuna aliyeelewa kinachosemwa.

"Nimeweka maua," madame Odette alisema hatimaye. "Mto mmoja, kama ulivyoniambia. Basi niyakunje yale mashuka?"

Huguette aliketi kwenye kiti chake.

"Anasema nini?" Rodney aliuliza. "Mbona kama amenuna? Kuna shida ya vyumba?"

"Anauliza," Huguette alisema kwa Kiingereza, polepole, "kama ayakunje mashuka ya chumba cha juu. Kuna mtu alikuwa anamtarajia."

"Aa, ni hilo tu!" Rodney alipumua kwa nafuu, mtu mwema aliyechoka, mwenye njaa ya supu. "Mwambie ayakunje tu, asijisumbue. Mtafsirie, tafadhali."

Huguette aliisogeza simu karibu na mdomo, akamtafsiria yule mama neno kwa neno, bila kosa hata moja.