Kaburi la Kuazima

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mama aliponishika mkono tukatoka mtaani kwetu Nyakabiga kwenda kwenye makaburi ya zamani ya mji, kule wanakolala watu wakubwa. Vita vilikuwa havijaisha, ila asubuhi ile njia zilikuwa zimetulia kidogo.

Mwaka mmoja kabla, baba alikwenda sokoni Jabe asirudi. Mwili hatukuupata. Kwetu, unajua, mwaka ukipita ukoo hukutana kaburini kufunga matanga, wakanywa pamoja, mjane akavua nguo za msiba. Lakini ndugu za baba waligoma: matanga yafungwe wapi, na kaburi hakuna? Basi mama akabaki na nguo zile, mimi namwona anakonda tu.

Tukapita kaburi la chifu, tukapita la tajiri lenye marumaru tupu. Mama hata hakugeuka. Akasimama kwenye kaburi la mwimbaji mmoja, yule ambaye baba aliimba nyimbo zake kila akinyoa ndevu, tena kwa sauti mbaya, masikini! Akapiga magoti, akaanza kung'oa majani.

Mlinzi akaja. "Mama, huyu ni mutu yenu?"

"Apana. Wangu sijui iko wapi. Huyu anapata wageni kila siku, na bwana yangu alimupenda sana. Nimekuja kumuomba amupe nafasi kidogo."

Mlinzi akavua kofia. Halafu akainama kumsaidia.

Nyumbani mama akawaambia ndugu za baba, "Kaburi nimeazima." Wakabisha weee, mpaka mkubwa wao akasema twende. Pombe ya ndizi ikamwagwa pale, jina la baba likatajwa kwa sauti, mama akavua msiba. Njiani nikamsikia anacheka. Mimi nililia. Nilimtaka baba, si kaburi la mtu.

Na bado namtaka. Mpaka leo nikisikia mwanamume anaimba ovyo bafuni, moyo unaruka. Miaka yote hii, jamani!

Mwanangu, mkienda kule makaburini kupiga picha na wakubwa, nendeni, si vibaya. Lakini kabla ya kutoka, mtaje kwa sauti mtu wenu aliyepotea. Usikubali kuambiwa hana pake. Muombee nafasi kwa mwenye nayo. Na wewe, ukitoka, hata dukani tu, sema unakwenda wapi.

Mungu akuzeeshe. Na kila utokapo, akurudishe mlangoni kwako unaimba, hata kama ni vibaya.