Mfuko wa Tisa

Mimi ni mtu wa kushuku. Ukiniambia "nakuja sasa hivi" nakuuliza uko wapi, na nikiona watu wawili wananong'ona najua ni mimi ninayesemwa. Mama anasema nilizaliwa hivyo, eti hata kubebwa na shangazi zangu nilikuwa nakataa. Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyetumwa Tunduma kupokea sanduku la tope.

Ndiyo, tope. Tope la chini ya bahari, ile bahari ya upande wa Namibia. Lilikuwa limetolewa na meli kwa bomba refu, kisha likahifadhiwa huko kusini kwenye chumba cha baridi kwa miaka mingi. Nilikuwa namalizia shahada ya pili. Profesa wangu aliwaomba wenye nalo wakatukatia vipande ishirini, kila kipande kwenye mfuko wake wenye namba, vikapanda lori la mizigo kupitia Zambia mpaka mpakani.

Kazi yenyewe haina uchawi. Baharini kuna viumbe wadogo kuliko punje ya chumvi. Wakifa, magamba yao yanazama na kulala chini, mwaka juu ya mwaka. Ukiosha tope kwa chujio laini, magamba yanabaki, na kwa aina zake na wingi wake unajua wakati ule bahari ilikuwa ya baridi au ya joto, ilikuwa na chakula tele au ilikuwa na njaa. Mfuko wa kumi ulitoka enzi za baridi, wa nane ulitoka enzi za joto. Wa tisa ulikuwa katikati, pale bahari ilipogeuka, na habari za kugeuka huko ndizo nilizokuwa naziandika. Watafiti waliotangulia walikuwa wamelikwangua tabaka lile mpaka likaisha. Kilichobaki duniani kilikuwa kipande changu, ukubwa wa tonge la ugali. Kikipotea, tasnifu yangu ina shimo palepale penye swali.

Afisa wa mpakani alifungua sanduku, akaniangalia juu mpaka chini.

"Dada, hii ni nini?"

"Tope."

"Tope la wapi?"

"La baharini."

"Yaani umelitoa Namibia, limekatiza Zambia nzima, unakuja kulishusha Tunduma, ambako mvua ikinyesha hatuna pa kukanyaga?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilimwona anaupima mfuko mmoja kiganjani, nikajua anawaza machimbo ya Saza. Mkoa huu ukibeba udongo kwenye mfuko wenye namba, kila mtu anawaza dhahabu. Barua ya chuo aliisoma mara tatu. Dereva wa lori, Mzambia, alikuwa kando ananichekea, akanisalimu "mulishani", nikamjibu kwa mkato. Anachekea nini huyu? Waliponiruhusu, nilikuwa nimeihesabu ile mifuko mara nne.

Basi la kwenda Dar nilikuwa nimelikatia tiketi ya Jumatatu, kwa hiyo nikapita nyumbani Ihanda nikapumzike kwa mama. Nikamkuta mjomba wangu, kaka yake mama, ametoka Saza. Mjomba ameosha dhahabu tangu sijazaliwa, viganja vyake vimekuwa vigumu hata ukimshika mkono unahisi. Nikamwamkia, akaitikia, ila macho yalikuwa kwenye sanduku.

"Mwanangu, hao waliokupa huu udongo unawajua?"

"Nawajua, mjomba."

"Kwa sura?"

"Kwa barua pepe."

Akalitazama sanduku tena. Mtazamo ule sikuupenda hata kidogo. Nikasukuma sanduku chini ya kitanda, nikalifunga kamba kwa fundo langu mwenyewe, la kuzungusha mara mbili na kurudisha mkia ndani.

Jumapili tulipojiandaa kwenda kanisani, mjomba akasema goti linamsumbua, yeye atabaki. Mweh! Goti lililompeleka mpaka kwenye mibuni na kumrudisha asubuhi hiyo hiyo. Mahubiri yote sikusikia neno. Sadaka ya pili ilipoanza kupita, nikamwambia mama kichwa kinaniuma, nikatoka.

Fundo halikuwa langu. Mkia wa kamba ulikuwa nje. Nikavuta sanduku, nikahesabu: kumi na tisa. Wa tisa haupo.

Nikasikia maji nyuma ya jiko. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, goti zima kabisa, anazungusha karai kwa ule mkono wake wa miaka yote, anaosha. Mfuko wangu mtupu ulikuwa umekunjwa vizuri kando yake na jiwe juu. Ndani ya karai kulikuwa na mstari mwembamba wa mchanga mweusi uliokuwa ukimetameta.

Hasira zilizonipanda siwezi kuzieleza. Kwa mwosha dhahabu kizito ndicho mali, chepesi kinamwagika na maji. Mimi magamba yangu ndiyo mepesi. Alikuwa ameweka pembeni takataka na kuutupa uhai wa bahari nzima.

"Mjomba! Umenimaliza! Unajua umefanya nini wewe?"

"Subiri kwanza, mwanangu. Nisikilize, hilo be..."

Nisikilize nini! Nikakamata beseni lililokuwa chini ya karai lake, lina maji ya kijivu machafu, nikalimwaga lote kwenye mibuni. Nilifanya kwa makusudi kabisa, nimuonyeshe kwamba na mimi najua kumwaga. Ilikuwa kiangazi. Ardhi ikayanywa maji yale papo hapo.

Mjomba alisimama polepole. Hakunipigia kelele.

"Marudio yalikuwa humo," alisema.

Mimi ni mtoto wa huku, marudio nayajua. Huko Saza hakuna mwoshaji anayemwaga anachokiosha. Kinachoanguka kutoka kwenye karai kinakingwa, kinatunzwa, kinakuja kuoshwa tena siku nyingine, na hicho ndicho wanachokiita marudio. Hata akiosha kiganja kimoja, atakinga. Mjomba hakuwa amepoteza hata gamba moja. Yote yalikuwa yametulia chini ya lile beseni, yakinisubiri mimi.

Tulipiga magoti wote wawili. Nilichota udongo mwekundu kwa kijiko cha chai, nikaupepeta, nikauangalia kwa lenzi. Niliona magamba sita yamechanganyika na mizizi na mavi ya kuku. Hayakuwa na faida tena. Mjomba alikuwa anaongea kwa sauti ya chini huku anachota.

"Pale mpakani wanawabebesha watoto wa watu vitu. Huu ulikuwa mweusi kuliko yote, na ukiugeuza juani unang'aa. Nikasema niuoshe, nijue wanakubebesha nini kabla hujashikwa njiani. Si dhahabu, mwanangu. Ni vijiwe tu vinavyong'aa. Nilitaka nikurudishie vyote."

Kumbe tulikuwa tunashukiana. Mimi nilimshuku yeye. Yeye aliwashuku watu wasiojulikana, kwa ajili yangu. Alikosea kugusa bila kuniuliza, hilo namdai mpaka kesho. Lakini kumwaga hakumwaga.

Mama alitokea akiwa bado na kitenge cha kanisani, akatukuta magotini tumejaa udongo.

"Kuna nini hapa?"

Mjomba aliniangalia. Alisubiri. Alinipa muda wa kutosha kabisa.

"Mjomba amemwaga tope langu," nikasema.

Mama akamgeukia kaka yake, akamsema mpaka majirani wakachungulia. Yeye alisugua viganja vyake, akasema, "Ni kweli. Nimemwaga."

Tasnifu niliimaliza. Kwenye mchoro kuna mstari unaopanda, unakatika, unaanza tena, na chini yake nimeandika kwamba sampuli ya tisa haikupatikana. Profesa aliuliza ilikuwaje, nikamwambia ni mjomba. Ukoo mzima unajua ni mjomba. Kwenye harusi wanamtania: msimwachie huyu pilau, ataliosha. Anacheka nao.

Krismasi iliyopita tulikuwa sebuleni, yeye, mama na mimi. Akaniuliza, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa, "Lile tabaka lingesema nini, mwanangu? Bahari iligeuka taratibu au kwa ghafla?"

"Sijui, mjomba. Hakuna atakayejua."

"Si wewe uliyelimwaga?" mama akamdaka. "Unauliza nini sasa?"

Mjomba akaniangalia, akasubiri, vilevile kama siku ile. Nikasema chai imepoa, nikanyanyua birika nikaenda jikoni, nikasimama nikiangalia mibuni nikijichukia. Nilisikia anamwambia mama, "Basi yaishe, dada."

Mama anasoma kila ninachoandika, na husoma kwa sauti mjomba akiwepo. Nimeandika hili ili alisome. Mama, nilimwaga mimi.