Un-com-for-ta-ble kwa Maganda ya Mbaazi

Enzi zetu kule kijijini Tulia, neno refu la Kiingereza halikumezwa zima. Mwalimu Kalondu wa darasa la sita aliliandika ubaoni, UNCOMFORTABLE, akatwambia "un" ni kichwa, "comfort" ni tumbo, "able" ni mkia. Kisha tukalipigia makofi kipande kwa kipande, un-com-for-ta-ble, mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

Jioni tuliendelea na somo jikoni, tukiambua mbaazi. Kila ganda, kipande kimoja. In-de-pen-dence, maganda manne. Moshi machoni, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa ukitokota, mimi na dada yangu Mueni tukishindana. Nilizipenda sana jioni hizo, maana shuleni Mueni alikuwa na kigugumizi kibaya. Neno lilimkwama, darasa likacheka, akaketi. Alikuwa amesharudia darasa, ndiyo maana tulikaa dawati moja, na baba alikuwa ameapa kwamba akirudia tena atabaki nyumbani kuchunga mbuzi.

Mama hakujua Kiingereza, ila aliona kwamba kwenye mbaazi Mueni hakwami. Alikuwa akimwambia, "Kwani nani anakufukuza? Pasua moja, sema moja. Hiyo ingine itangoja."

Siku ya wazazi kila mmoja wetu alisoma kwa sauti mbele ya watu, na aliyeshindwa alirudia darasa. Mueni alisoma vizuri hadi "transportation", akanyamaza. Wavulana wa nyuma wakaanza kucheka. Nikaogopa hata kumtazama. Kisha nikasikia, "Trans." Na darasa zima, kwa mazoea tu, hata hao waliokuwa wakicheka, likapiga kofi. "Por." Kofi. "Ta." Kofi. Tukasubiri, mikono hewani, hadi "tion" ilipotoka. Baba alipiga kofi la mwisho peke yake, amechelewa, na mimi nikalia kwa furaha.

Wajukuu wangu wakikutana na neno refu wanaligusa kwenye simu, nayo inalitamka lote mara moja, kwa sauti ya puani. Wakiandikiana wanalikata libaki herufi mbili. Sijui wanawahi wapi. Mmoja wao ana kigugumizi kama cha Mueni. Akianza kusema, wenzake wanammalizia sentensi, tena kwa upendo kabisa, naye siku hizi ananyamaza tu. Angezaliwa enzi zetu tungemcheka kidogo, halafu tungemngoja.