Kiti cha Aika

Mimi kazi yangu ilikuwa kuchapa barua na kutoa fotokopi, hapa hapa Ngarenaro, miaka ile kompyuta zilipoanza kuingia mjini kwa fujo. Kompyuta ya dirishani ilikuwa ya Naftali, kijana wa Kikatiti, mwandishi wa programu. Pembeni yake kulikuwa na kiti cha Aika, mwandishi mwenzake, na kiti hicho ndicho kilichonigombanisha na wateja. Kina mama wanasimama hadi miguu inavimba, kiti kipo kitupu, halafu Naftali anasema, "Susana, hapo pana mtu." Mtu gani jamani! Mtu mwenyewe yuko Dar tangu mwaka juzi.

Walikuwa wakiandika pamoja, bega kwa bega. Waliniambia kwamba ukiandika programu, kuna vitu unakuwa hujavipatia jina. Basi unavipa jina la ovyo tu lishike nafasi, kama ndoo unayoitanguliza bombani wakati mwenyewe bado uko jikoni. Wenzao wa ng'ambo wana maneno yao. Hawa wakatunga ya kwao: kwachu, tindiri, zongolwe. Hayana maana yoyote. Aika akitamka "zongolwe" kwa ile lafudhi yake ya Machame, Naftali anacheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa naona wivu, kusema kweli, maana hakuna aliyewahi kunitungia hata neno moja.

Sheria yao ilikuwa hii: kazi ikikamilika, maneno yale yanafutwa na kuwekwa majina ya maana. Kumpa mteja kazi yenye kwachu ndani ilikuwa aibu, na kwa hilo Aika alikuwa mkali kama pilipili.

Ndipo makampuni mapya yakaanza kufunguliwa Dar, moja likamwita. Siku ya kuondoka alikigonga kile kiti, akamwambia Naftali, "Nishikie nafasi." Basi. Mwanzoni alipiga simu, baadaye simu zikawa za kubahatisha, mwisho kimya. Naftali alikonda. Kila gari la Dar likiingia stendi, anachungulia dirishani, utafikiri stendi inaonekana kutoka pale!

Siku moja mnunuzi mmoja wa kahawa akaleta programu aliyonunua Dar, imemgomea. Naftali akaifungua, akaniita. "Susana, njoo uone." Nikainama. Kwenye kioo, katikati ya maneno nisiyoyaelewa, kulikuwa na kwachu. Chini yake tindiri. Chini zaidi, zongolwe.

"Ni yeye," akasema. "Aika hasahau kufuta. Ameyaacha makusudi, ili niyaone."

Hee! Nilifurahi kana kwamba naposwa mimi. "Sasa unangoja nini? Piga simu, usiniudhi!"

Namba ya kampuni ilikuwa kwenye boksi la diski. Akapokea kijana mmoja. Nami nikabandika sikio kwenye mkono wa simu. Naftali akauliza nani ameiandika hiyo programu.

"Ni mimi, kaka."

"Na haya maneno, kwachu, tindiri?"

"Aah, samahani sana, nimesahau kuyafuta. Hapa ofisini sote tunaandika hivyo."

"Nani aliwafundisha?"

"Sijui, kaka. Nilipoajiriwa niliyakuta."

"Aika hajambo?"

"Aika yupi?"

Akamshukuru, akairudisha simu taratibu. Nilitamani alie, ningejua cha kufanya. Akairudia kazi ya mnunuzi wa kahawa, akatoa kwachu akaweka "uzito," akatoa tindiri akaweka "bei." Akafika kwenye zongolwe, nayo akaifuta.

Mama Simaloi alikuwa ameegemea mlango, anangoja fotokopi zake. Naftali akainuka, akakivuta kile kiti, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu. Si huwa mnasema pana mtu?"

"Hapana mtu, mama," akasema Naftali. "Kaa."