Chungu Kimoja, Vyumba Viwili

Mume wangu alivuka mpaka wa Kasindi na sanduku la bisibisi, kopo la mafuta na sindano za kila ukubwa. Ni Mkonzo wa upande wa Uganda, fundi wa vyerehani. Mimi ni mshonaji, na siku hizo nilikuwa na kibanda changu Beni, kwenye barabara ya kwenda Mavivi. Cherehani yangu ilikuwa imeanza kuruka mishono. Aliifungua, akazungusha gurudumu lake polepole huku ameinamisha sikio, kisha akaniuliza kwa nini ninaikanyaga kwa hasira namna ile. Nikamwambia hasira ni yangu na mashine ni yangu. Hatukuachana tena, mpaka mbuzi wa mahari wakafika Butembo kwa mama yangu na padri akatufungisha ndoa.

Lugha yake na Kinande chetu ni ndugu. Akisalimia sokoni, hakuna anayegeuka. Ugeni wake huonekana pale tu mtu anapomdai karatasi, na jambo hilo lilinishangaza tangu mwanzo: mtu anakuwa mgeni mbele ya meza, akiondoka pale anakuwa tena mtu wa kwetu.

Hatujamaliza hata mwaka wa ndoa, nikaona anashika kinena kila anapoinua kichwa cha cherehani ya zamani, zile za chuma kizito. Kulikuwa na uvimbe. Ukitokeza, alilala chali, nao ukarudi ndani. Nilimburuta hospitali ya Beni akinung'unika njia nzima. Daktari alimpima, akasema ni ngiri.

"Hii hernie leo inarudi yenyewe," alituambia. "Siku itakataa kurudi, utumbo itafungwa mule ndani, na hapo mutatukimbilia na tutakuwa na masaa kidogo tu. Bamupasue mbele ya ile siku."

Nilitaka kujua ile siku ni lini. Akasema hernie haina kalenda. Gharama ya upasuaji ingemeza cherehani yangu pamoja na sanduku lake lote, halafu tungebaki tunakula nini? Hapo ndipo nilipoanza kuulizia bima ya afya, kitu ambacho mpaka siku hiyo nilikiona ni cha watu wa mishahara.

Nilikwenda ofisi moja mjini Beni, ya kijana mwenye tai. Aliniuliza mwajiri wa mume wangu ni nani. Nikasema ni vyerehani vya watu. Akauliza kitambulisho, kisha akauliza kama ana ugonjwa wowote, nami nikamwambia ukweli. Aliweka kalamu chini.

"Mama, bwana yako ni étranger, hana employeur, na iko na hernie. Donc tuassurer nini?"

Mgeni, bila mwajiri, na mgonjwa juu yake: nilitoka nimekasirika mpaka nikapita kibanda changu mwenyewe. Lakini hasira ilipopoa, swali lilibaki. Ina maana mtu anakingwa akiwa mzima tu? Nani aliyefikiria jambo la namna hiyo, na alikuwa anamfikiria nani? Siku kadhaa nilishona huku nikilizungusha kichwani, nikaharibu kola mbili za sare za shule.

Kisha nikakumbuka kadi ya mama. Mama yangu ni mjane, anakaa Bulengera, Butembo, na tangu zamani yumo katika mutuelle ya parokia: watu wanachanga kila mwaka, na mmoja wao akiugua, ule mchango ndio unaobeba sehemu kubwa ya matibabu. Picha yangu ilikuwa kwenye kadi hiyo. Kwangu ilikuwa kitu cha kabatini, pamoja na rozari na risiti za zamani. Nikapanda gari kwenda Butembo kuuliza.

Anayeandikisha watu wa mtaa wetu ni mama mmoja kutoka Kasai, mke wa mwalimu aliyeletwa huku na kazi ya serikali. Nilimkuta anaanika nguo. Nilikuwa nimejiandaa kuficha ngiri, kuficha Uganda, kuficha kila kitu. Hakuniuliza hata kimoja.

"Mutuelle haiulizake nani iko mugonjwa," alisema. "Inaulizaka nani iko mu nyumba. Benye banakulaka mu nyungu moja, bote baingie, ao bote babakie inje."

"Juu ya nini bote?" nikamuuliza sababu.

"Juu mukileta tu bagonjwa, caisse itakufa mbele yabo."

Nilisimama pale na kusahau nguo zilizokuwa zikinidondokea maji begani. Jambo lilikuwa rahisi hivyo! Wazima wanaingia ili mfuko ujae na mgonjwa apate pa kuegemea, na hakuna anayejua kesho mgonjwa atakuwa nani. Nikampenda yule mama papo hapo. Akaniambia pia kwamba nyumba mpya ya bibi na bwana peke yao ingengoja uandikishaji wa mwaka ujao. Lakini mwanachama aliyeoa au kuolewa mwaka huu anaweza kumwingiza mwenzake kwenye kadi ileile, ilimradi wote wanakula chungu kimoja. Yeye mwenyewe angekuja kuona.

Sasa, chungu kilikuwa cha mama yangu. Na kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawali pamoja. Hawakai kwenye kiti kimoja, hawatazamani usoni, na mwanamume akila mbele ya mama wa mke wake, ni aibu ya kusimuliwa. Wakonzo wanashika heshima hiyo kama sisi, au kutuzidi. Tangu harusi, mume wangu na mama walikuwa hawajasemezana neno. Walipelekeana salamu kupitia kwangu, hata wakiwa wametenganishwa na mlango tu.

Mama alinisikiliza huku anachambua maharagi.

"Unataka niseme mbele ya mutuelle ya parokia eti mukwe wangu anakulaka mu nyungu yangu?"

"Mama, ni maneno ya kuandikisha tu."

"Mi sisemake bongo mbele ya parokia." Alitupa jiwe dogo nje kana kwamba ndilo uongo wenyewe. "Iko na nini, ule kijana?"

"Anaumwa."

"Fasi gani?"

"Chini, mama."

Alikohoa, akainamia maharagi yake. Mimi nilitamani ardhi inifiche. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Basi mukuje mukae hapa. Tukipika moja, haitakuwa bongo."

Mume wangu ndiye aliyekuwa mgumu. "Nikae kwa mama mukwe, nikule chakula yake kila siku? Kwetu batasema mimi ndiye niliolewa." Nilimwambia afadhali wamcheke akiwa hai. Akaanza kufunga sanduku. Nilijua kilichomgharimu, na nilimpenda kwa kufunga lile sanduku kuliko siku ya harusi.

Tukahamia kijumba cha nyuma katika uwanja wa mama. Mama alipika jikoni kwake, chungu kimoja kweli. Yeye alikula palepale jikoni, mlango umerudishwa. Mume wangu alikula kwenye kijumba. Mimi nikatembea katikati na sahani. Majirani walicheka kama tulivyotarajia. Mwanamume mzima kaja kuolewa Bulengera, walisema, tena hata kwa sauti.

Nilidhani mama anavumilia tu. Kumbe alikuwa na udadisi kunizidi. Kila sahani iliyorudi aliikagua, mpaka majani ya mboga yaliyobaki. "Hakumaliza lengalenga. Kwao hapana chumvi mingi?" Siku iliyofuata akapunguza chumvi, na sahani ikarudi safi. "Anapenda makayabo," aliniarifu juu ya samaki wale wakavu, kana kwamba mume ni wake na mimi ndiye mgeni. Naye mume wangu alitambua mfuniko wa chungu hauna kishikio, maana niliubeba na kitambaa. Akaniomba niulete. Ukarudi jikoni na kishikio cha mbao, kimepigwa msasa mpaka kinateleza. Mama aliugeuza huku na huku. "Umwambie nimeona," alisema tu. Lakini kuanzia hapo ule mfuniko ulikaa juu ya chungu hata kikiwa kitupu.

Tulikuwa bado tunangoja kuja kwa yule mama wa Kasai. Mwaka wetu wa ndoa ulikuwa unaishia, na nafasi ile ilikuwa ya waliooana mwaka huo tu. Nilimfuata mara kwa mara. Kila mara alikuwa na mitaa mingine ya kumaliza.

Asubuhi moja uvimbe ulichelewa kurudi. Mume wangu alilala chali, miguu juu ya kiti, jasho likimtoka, na mimi nikamshika mkono nikiwa sina la kufanya. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Mwishowe ulirudi ndani, lakini hakuweza kula, nami nikairudisha sahani jikoni kama nilivyoipeleka.

Mama aliitazama. Alinawa mikono, akavaa kitenge chake cha misa, akatoka kwa miguu. Aliporudi, mama wa Kasai alikuwa nyuma yake, anahema.

"Mukwe anakulaka wapi?" aliuliza.

"Kule kwake," mama akajibu.

"Na weye?"

"Hapa."

"Mais nyungu, ni gani?"

Mama akashika kile kishikio cha mbao na kufunua. "Ni hii."

Mama wa Kasai alichungulia chungu, akaangalia mlango wa jikoni, akaangalia kijumba cha nyuma. Kisha akaanza kucheka mpaka akakaa.

"Kwetu Kasai, mama mukwe akitokea mu njia, mwanaume anaingia mu majani! Nyiye angalau munapikiana." Akachukua picha ya mume wangu niliyokuwa nimeishika muda wote. "Règlement inasema nyungu. Haiseme meza."

Kwa kanuni hiyo kadi ilitoka wiki ileile, na hospitali ya Butembo ikatupa siku ya upasuaji. Mwenye kadi lazima afike mwenyewe mapokezi, kwa hiyo tulikwenda watatu, mama mbele kabisa, mume wangu nyuma kabisa. Karani akauliza kwa sauti ya kusikika hadi uani mgonjwa anaumwa wapi. Mama akageukia ukuta na kusoma tangazo la kunawa mikono kwa makini ajabu, na alipolimaliza, akalianza upya.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Walipomrudisha kwenye kitanda, mama alikuwa kwenye benchi la nje, kando ya mlango uliokuwa wazi, na thermosi ya uji mapajani. Nilimwomba arudi nyumbani. Hakunisikia, au hakutaka. Nikashuka kuchukua dawa na kulipa ile sehemu ndogo inayobaki kwetu.

Niliporudi, muuguzi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Wale waliowahi kuuguza mtu aliyepasuliwa wanajua swali lake: matumbo yakiamka, mgonjwa hutoa hewa, na kabla ya hapo haruhusiwi kula.

"Papa, gaz imesha toka ao bado?"

Mume wangu alinitazama, akatazama mlango, akavuta shuka mpaka machoni. Alikuwa na njaa tangu jana, lakini angekufa nayo kabla ya kujibu swali hilo mama mkwe akisikia.

"Papa, ninauliza. Kama bado, hakuna kula."

Shuka likapanda mpaka utosini. Muuguzi akageuka aende zake. Hapo sauti ya mama yangu ikaingia kutoka kwenye benchi, imenyooka, ileile anayosomea masomo kanisani.

"Imesha toka. Mi nimesikia. Bamupatie uji."

Chumba kizima kililipuka. Mgonjwa wa kitanda cha pili alishika mshono wake akiomba tusimchekeshe. Mume wangu alikuwa anatetemeka chini ya shuka, na kwanza sikujua kama analia au anacheka. Mama alinyoosha mkono ndani ya mlango, uso wake bado umeelekea uani, akanipa thermosi.

Nilimmiminia mume wangu uji. Kabla ya kuonja aliliondoa shuka usoni, akageukia ule mkono uliobaki mlangoni.

"Wasingya, mama," akamshukuru. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mama lisilopitia kwangu.

Mkono ulikaa pale kidogo, haujui uende wapi.

"Kula, mwana wangu," mama akajibu. "Ni ya mu nyungu yetu."